Uvimbe wa titi usio saratani: namna ya kuupa msimbo wake

Huku Lindi mtu akikuelezea uvimbe hatumii sentimita. Atakwambia ni kama mbaazi, kama kunde, kama punje ya korosho, kama ndimu. Daktari anamsikiliza, anamgusa, anaandika maneno yake, kisha jalada linashuka kwetu chumba cha kumbukumbu. Sisi ndio tunaoyageuza yote yale kuwa herufi moja na tarakimu mbili tatu. Nina miaka 14 katika kazi hiyo. Haya nawaandikia wadogo zangu wanaoanza, hasa walio vituo vya afya na hospitali za wilaya, ambako mtu mmoja ndiye mapokezi, ndiye kumbukumbu, na ndiye mjaza fomu za bima. Nitazungumzia titi tu, kwa sababu ndipo nilipokosea vibaya kuliko popote.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Mwaka wangu wa pili kazini, katika hospitali niliyokuwa wakati huo, alikuja binti wa miaka 22 kutoka kijiji kimoja upande wa Mtama. Daktari wa zamu alikuwa na foleni ndefu. Kwenye mstari wa ugonjwa aliandika alama ya kuuliza, kisha herufi Ca, ufupisho wa saratani, kisha titi, akaagiza binti avutwe sindano ya kuchukua sampuli ya uvimbe. Mimi nikafungua kitabu cha misimbo, ICD-10, nikaikuta C50, yaani saratani ya titi, nikaandika C50.9. Alama ya kuuliza haina msimbo, kwa hiyo ikapotea pale pale mezani kwangu. Binti aliporudi wiki iliyofuata, mwenzangu wa dirishani akasoma nilichoandika, akamwelekeza kwa sauti akakae benchi la wagonjwa wa saratani. Mama yake hakusubiri zaidi. Alirudi kijijini akauza korosho zake kwa kangomba, zikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa, apate nauli ya kumpeleka mwanawe Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar es Salaam.

Majibu ya sindano yalipofika yalisema fibroadenoma. Si saratani. Msimbo wake ni D24, uvimbe wa titi usio saratani.

Nilikwenda kumwomba radhi yule mama. Alinipokea vizuri, akaniuliza neno moja tu: "Sasa mwanangu, nani aliyesema ni saratani?" Hakuna daktari aliyekuwa amesema. Nilikuwa nimeandika mimi.

Kwa hiyo somo la kwanza si D24. Somo la kwanza ni siku ile ambayo bado hakuna anayejua uvimbe ni wa nini.

Siku ya kwanza: N63

Mwanamke amekuja na uvimbe, daktari ameugusa, ameagiza ultrasaundi au sindano, majibu hayajatoka. Hapo msimbo ni N63, uvimbe wa titi usioainishwa. Wengi hawaupendi. Wanauona kama jibu la mtu asiyejua kazi, wanataka kuandika kitu chenye jina. Lakini ndio ukweli wa siku ile: uvimbe upo, jina lake halijulikani. Ukiandika D24 kwa kuwa mgonjwa ni binti mdogo na uvimbe "unakimbia" chini ya vidole, umesema si saratani kabla ya maabara kusema. Ukiandika C50 umefanya nilichofanya mimi. Makosa yote mawili yana mtu wa kuyalipia.

Kama kilichomleta si uvimbe, usimpe uvimbe. Maumivu ya titi peke yake ni N64.4. Majimaji au damu kutoka kwenye chuchu, au chuchu iliyorudi ndani, na chanzo bado hakijajulikana, ni N64.5. Picha ya titi yenye jambo lisilo la kawaida, bila uvimbe wa kushikika na bila jina la ugonjwa, ni R92.

Sasa ile alama ya kuuliza. ICD-10, uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani uliopitishwa Mei 1990, una vitabu vitatu. Cha kwanza ni orodha ya misimbo, cha pili ni maelekezo, cha tatu ni faharasa ya majina kwa alfabeti. Vituo vingi utakuta cha kwanza peke yake, tena kimetoka jalada. Cha pili hakisomwi na mtu, na humo ndimo lilimo jambo lililoniponza. Kinaelekeza kwamba ikiwa hudhurio limekwisha na ugonjwa mkuu bado umeandikwa kuwa "unashukiwa", na hakuna taarifa wala ufafanuzi zaidi, basi uandikwe kana kwamba umethibitishwa. Nilipokuja kuyasoma maneno hayo baadaye niliona kwamba kwa upande mmoja nilikuwa nimefuata kitabu. Lakini hebu uyasome tena polepole. Hakuna ufafanuzi zaidi. Ufafanuzi ulikuwepo, umekaa kliniki ya upasuaji, hatua 40 kutoka kiti changu, na mimi sikuinuka kwenda kuuliza.

Siku hizi nikiona alama ya kuuliza, au neno "huenda", au mstari wa ugonjwa ulioachwa wazi, nachukua jalada nakwenda. Nabisha hodi, nasubiri mgonjwa atoke, nasema: "Daktari, shikamoo. Huyu mama wa asubuhi, umethibitisha au tunasubiri majibu?" Akisema tunasubiri, namwomba aandike kwa mkono wake kwamba tatizo la leo ni uvimbe wa titi, uchunguzi unaendelea. Hapo naandika N63 kwa amani. Sijawahi kufukuzwa na daktari kwa swali hilo. Wengine hushukuru, kwa sababu wao wanaandika kwa ajili ya daktari mwenzao na hawafikirii kwamba maneno yao yanageuka hesabu.

Ikiwa mgonjwa alipelekwa kuchunguzwa kwa hofu ya saratani, na baada ya vipimo hofu hiyo imeondolewa na hakuna ugonjwa mwingine uliopatikana, kuna Z03.1. Lakini kama vipimo vimekuta fibroadenoma au kifuko cha maji, andika hicho kilichokutwa.

Majibu yakija: herufi za mwisho

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo majalada mengi yanapoharibika. Fibroadenoma ni D24. Fibroadenosisi ni N60.2. Ukiyatamka haraka yanafanana, na kwa mwandiko wa daktari mwenye wagonjwa 60 yanafanana zaidi. Nimeona yameandikwa "fibroad" na mkia mrefu, umalizie mwenyewe. Usimalizie. Fibroadenoma ni uvimbe wenyewe, umejitenga, una mipaka yake, na unakaa sura ya uvimbe pamoja na D nyingine. Fibroadenosisi ni mabadiliko ya tishu ya titi, mara nyingi yanapanda na kushuka na siku za mwezi, na yanakaa sura ya magonjwa ya uzazi na mkojo, kwenye kundi la N60. Chini ya N60.2 kitabu kimeweka onyo kwamba fibroadenoma haimo humo, iende D24, na chini ya D24 kimeweka onyo kwamba kundi la N60 halimo humo. Kikionya mara mbili, jua wengi wamejikwaa.

Kundi la N60 lina ndugu wengine. Kifuko kimoja cha maji ni N60.0. Titi lenye vifuko vingi vilivyosambaa ni N60.1. Kutanuka kwa mirija ya maziwa ni N60.4. Ultrasaundi ikisema "kifuko chenye maji, kimoja, sentimita 2", usikipeleke D24 kwa sababu tu mgonjwa anakiita uvimbe. Kwetu kila kinachovimba ni uvimbe. Kitabu hakikubali.

D24 inapokea fibroadenoma za aina zote, pamoja na zile kubwa za mabinti wadogo, inapokea papiloma ya ndani ya mirija ya maziwa ikiwa si saratani, na inapokea adenoma za titi zisizo saratani. Inapokea wanaume pia. Nimewahi kuulizwa kama D24 ni ya wanawake tu. Hapana, titi ni titi. Ila mwanamume ambaye matiti yake yamekua yote bila uvimbe wenyewe, huyo ni N62.

Uvimbe wa filodesi usiuandike kabla ya kusoma mstari wa mwisho wa majibu. Jina ni moja, tabia ni tatu. Patholojisti, yaani daktari wa maabara anayesoma kinyama, akisema si saratani, D24. Akitaja filodesi bila kueleza tabia yake, au akisema tabia haijaeleweka, D48.6. Akisema ni saratani, C50. Hapo ndipo tarakimu iliyo baada ya mkwaju, alama hii /, inapokusaidia. Ukikuta kwenye karatasi ya majibu 9010/0, ile 9010 ni jina, yaani fibroadenoma, na sifuri ni tabia. Sifuri ni si saratani, 1 ni tabia isiyoeleweka, 2 ni saratani ambayo bado imo mahali ilipoanzia, 3 ni saratani, 6 ni iliyosambaa kutoka kwingine. Filodesi inaweza kuja 9020/0, 9020/1 au 9020/3. Mimi huweka kidole juu ya mkwaju kabla ya kuandika chochote, na nawafundisha vijana wangu wafanye hivyo.

Visivyo D24 ingawa viko kwenye titi

Ngozi ya titi kitabu hakiihesabu kuwa titi. Baka jeusi lililoinuka ni D22.5, uvimbe mwingine wa ngozi usio saratani ni D23.5. Uvimbe wa mafuta, lipoma, ulio chini ya ngozi ya sehemu hiyo ni D17.1. Mama aliyegongwa kifuani na mpini wa jembe, miezi imepita, pamebaki gumu, na majibu yakasema ni mafuta yaliyokufa, huyo ni N64.1. Jipu la titi ni N61, isipokuwa kwa mjamzito au anayenyonyesha ambaye jipu lake linahusiana na uzazi, huyo anahamia O91.1. Na yule mwenye nyama ya ziada kwapani inayovimba akinyonyesha, ikathibitika ni titi la ziada, ni Q83.1.

Anayenyonyesha muulize daktari swali moja zaidi kabla hujafunga jalada, kwa sababu sura ya uzazi ina nguvu kuliko sura nyingine pale ugonjwa unapohusiana na ujauzito au kujifungua.

Simu itakudanganya

Jambo hili limetuletea shida kubwa tangu kila mtu awe na intaneti mfukoni. Ukitafuta D24 kwa simu, utaletewa D24.1 titi la kulia, D24.2 titi la kushoto, D24.9 upande usiotajwa. Utafurahi, utaona ndio msimbo kamili. Hiyo ni ICD-10 ya Marekani, ambayo wenzetu wa huko walianza kuitumia hospitalini mwao Oktoba 2015 na wameiongezea tarakimu nyingi. Katika toleo la Shirika la Afya Duniani D24 haina nukta. Inaishia hapo. Vivyo hivyo N63 haina nukta, na N60.0 haigeuki N60.01. Msimbo wa Marekani ukiingia kwenye fomu ya madai unaweza kukataliwa, au mbaya zaidi mfumo ukaupokea na taarifa yako ya mwezi ikaukosa.

Upande wa titi usiutupe lakini. Uandike kwa maneno kwenye jalada, kulia au kushoto, saa ngapi kwa mfano wa uso wa saa, umbali gani kutoka chuchu. Msimbo hauna nafasi ya hayo. Daktari wa upasuaji anayahitaji, na mgonjwa anayahitaji zaidi.

Kuna na ICD-11, iliyoanza rasmi kimataifa tarehe 1 Januari 2022. Humo uvimbe wa titi usio saratani ni 2F30. Usiuchanganye na D24 katika fomu moja. Andika toleo ambalo kituo chako kinatumia.

Baada ya upasuaji

Uvimbe umekatwa, kinyama kimepelekwa maabara, mgonjwa amelala siku moja akaruhusiwa. Hudhurio lile ni D24 ikiwa majibu ya sindano ya awali yalikwisha kusema hivyo. Siku ya saba anakuja kutolewa nyuzi. Wengi wanaandika D24 tena, na siku ya kusafisha kidonda D24 tena, na mwisho wa mwezi mgonjwa mmoja amekuwa watatu. Kutoa nyuzi na kubadilisha bandeji ni Z48.0. Kurudi kuangaliwa baada ya upasuaji, akiwa mzima, ni Z09.0. Akija mwaka ujao kwa malaria, na daktari anataka ikumbukwe kwamba aliwahi kuwa na uvimbe usio saratani, Z86.0 inawekwa pembeni. Na katika kitabu cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, angalia sana safu ya hudhurio la kwanza na marudio. Taarifa zinazotoka Lindi na Mtwara ndizo zinazosema tunahitaji nini. Tukijaza uvimbe hewa au saratani hewa, mpango wa dawa na wa madaktari unafuata hewa hiyo.

Kwa upande wa bima, anayekagua madai hulinganisha ugonjwa na huduma. Fomu ikisema N64.4, maumivu tu, na huduma ikawa ni kukata uvimbe, utaulizwa. Jibu si kubadilisha msimbo ili ufanane na bei. Rudi kwenye jalada, tafuta majibu ya maabara, mpelekee daktari aandike ugonjwa uliothibitishwa kisha asaini. Nimeshawahi kuombwa na mtu wa ofisi "niupandishe" msimbo ili dai lipite. Nilikataa, na dai lilipita baadaye kwa karatasi halali ya majibu.

Daftari la Ijumaa

Hili sikulisoma popote, nimelianzisha mwenyewe baada ya yule binti wa Mtama. Nina daftari la kaunta ambalo kila N63 inayotoka mezani kwetu inaandikwa kwa namba ya jalada na tarehe, bila jina. Kila Ijumaa mchana, dirisha likitulia, nalipitia. Majibu yaliyofika napeleka kliniki. Yasiyofika napiga simu maabara. Kinyama chetu kikienda mbali hupita njia ndefu, na mwaka 2024 ndipo nilipojua urefu wake. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei, barabara ya Dar es Salaam ikakatika Somanga, majibu ya akina mama wangu watano yakakaa upande wa pili wa maji. Bila daftari lile, N63 tano zingezeeka kwenye mfumo na hakuna ambaye angeuliza.

Kuna pia majibu yanayofika mgonjwa asirudi. Kuanzia Oktoba hadi msimu uishe wanawake wengi wako mashambani wanaokota korosho, na simu haishiki. Hapo namtafuta mhudumu wa afya wa jamii wa kijiji chake, namwambia maneno haya tu: mwambie dada afike kliniki ya upasuaji, karatasi yake imefika. Jina la ugonjwa silitaji, hata kama ni habari njema. Habari njema ikipita vinywa vitatu inaweza kufika imegeuka.

Oktoba iliyopita nilibakiwa na mstari mmoja, jalada la tangu Agosti. Alikuja siku ya Jumatano, mtoto mgongoni, mikono bado ina madoa ya mabibo. "Shikamoo mama, nimeambiwa nije." Nikampeleka mwenyewe hadi mlango wa daktari, nikakaa nje. Alipotoka jalada lilikuwa limeandikwa fibroadenoma, titi la kushoto, na saini chini yake. Hudhurio la Agosti nililiacha na N63 yake, kwa kuwa Agosti ndivyo tulivyojua. Hudhurio la Jumatano nikaandika D24. Kisha nikafungua daftari langu, nikapiga mstari mmoja juu ya namba yake, mwembamba, ili bado isomeke, na pembeni nikaweka tarehe.